Safari ya gari la kulala: wahi kambi, ficha biskuti

Mwishoni mwa Septemba, majani ya vilele vya Great Smoky Mountains, mpakani mwa Tennessee na North Carolina nchini Marekani, huanza kuwa ya manjano na mekundu. Ndipo familia hukodi magari yenye vitanda na jiko ndani.

Hifadhi hiyo haina kiingilio. Kambi ya Cades Cove iko wazi mwaka mzima, lakini nafasi hulipiwa mtandaoni, hadi miezi sita kabla. Mzazi asiyewahi atatafuta pa kulala usiku, watoto wakisinzia.

Kambini hakuna umeme wa kuunganisha kwenye gari wala bafu. Tangi lijazwe maji mapema, na mablanketi yasisahaulike. Usiku wa milimani una baridi hata mchana ukiwa na joto.

Zaidi ya yote, kuna dubu, ambao msimu huo hula sana kujiandaa na baridi. Chakula, takataka, hata dawa ya meno, vifungiwe garini. Biskuti moja iliyoachwa mezani humfundisha dubu kufuata watu, na dubu wa namna hiyo mara nyingi huishia kuuawa. Watoto waelezwe hilo kabla ya kushuka garini.