Bosi alivyomgomea simba wa Mikumi

Mlioniulizia wiki iliyopita, nilikuwa likizo. Ndiyo, hata sisi waandishi wa kulipwa kwa kipande huwa tunapumzika, hasa pale nauli inapolipwa na shemeji. Safari yenyewe ilikuwa Kilosa na Mikumi, na kazi yangu ilikuwa moja tu: anko wa zamu. Yaani kuwashika watoto wawili wa sista. Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu anaamrisha. Wa pili ni Kadogo, mwaka mmoja na nusu, anatembea kama mlevi wa pombe ya kienyeji.

Kwanza niwape picha ya Dar. Sista na mumewe wamepanga vyumba viwili Tabata. Uwanja upo, tena wa saruji, ila ni wa magari ya mwenye nyumba. Mtoto akitoka na mpira, dirisha linafunguliwa: "Mama nanihii, gari langu hilo!" Kwa hiyo Bosi amekulia kwenye zulia mbele ya katuni. Mwezi uliopita nilimpeleka ufukweni, akagoma kukanyaga mchanga. Akakunja miguu juu kama kuku aliyeshikwa, analia, "Uchafu! Uchafu!" Watu walicheka. Sista hakucheka. Usiku alinipigia simu akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nimekulia kwenye matope. Huyu nimemfanya nini?"

Hapo ndipo likizo ilipozaliwa. Shemeji akapanga: siku nne Kilosa kwa mama yake, halafu siku moja Mikumi, watoto wakaone simba. Kwa hesabu yake, Mikumi ndiyo ilikuwa sherehe, na Kilosa kituo cha kusalimia tu. Mtaona.

Tulipanda treni ya umeme, hii ya reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Si mchezo! Unatoka Dar, unapita Morogoro, hujamaliza hata karanga zako unaambiwa Kilosa. Wazee wetu walitumia reli ya Mjerumani, ile iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905, na safari ilikuwa ni kulala njiani. Ushauri wa bure kwa mwenye mtoto mdogo: treni ni afadhali kuliko basi, kwani anaweza kutembea kwenye ujia, akaanguka, akaamka. Kadogo alisalimia behewa zima.

Kwa Bibi Kilosa kuna mwembe, kuku, shimo la mchanga uliobaki wakati wa kujenga choo, na watoto wa jirani wasiopungua saba. Siku ya kwanza Bosi alikaa mlangoni na viatu vyake vyenye taa, anawatazama wenzake kama anatazama televisheni. Anayetaka kumsukuma mtoto wa namna hiyo anakosea. Shemeji alitaka kumbeba amtie katikati, Bibi akamzuia. "Mwache. Njaa ya mchezo itamtoa mwenyewe."

Ilimtoa siku ya pili, asubuhi. Kijana mmoja, kama miaka tisa, alileta gari la mabua, magurudumu yamekatwa kwenye ndala iliyochoka. Kamba mbele, unavuta, linakwenda linayumba. Ebwana eh! Bosi aliliangalia lile gari, akaangalia mchanga, akaangalia gari tena. Akavua viatu mwenyewe. Sista alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Nilimkuta anafuta macho kwa kanga, ananiambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kuanzia hapo hatukumwona tena mpaka saa ya kula. Walipika ugali wa udongo kwenye vifuniko vya chupa, wakachimba barabara, wakamzika mwanasesere wa Kadogo na kumfukua. Watu wa mjini tunanunua midoli ya bei mbaya, kumbe mtoto wa umri huo anataka vitu vitatu: udongo, maji kidogo, na mtoto mwingine aliyemzidi umri. Huyo wa tatu ndiye hatuna. Pale Kilosa binti wa miaka minane anamfunga mdogo wake mgongoni, anaendelea kucheza rede. Mdogo anajifunza mchezo kabla hajajua kusema.

Lakini msidhani ni pepo. Siku ya tatu, saa kumi alasiri, nikiwa na simu mkononi (nakiri), nikainua macho. Kadogo hayupo. Nikaangalia chooni, bandani kwa kuku, kwa jirani. Hayupo. Bibi, ambaye siku zote hutembea kwa fimbo, nilimwona anakimbia bila fimbo, na hakukimbilia barabarani. Alikimbilia upande wa mtoni.

Hapo nielezeni vijana wa Dar, mnaujua mto Mkondoa? Ukiuona kiangazi unaudharau. Mwisho wa mwaka 2009 kuingia 2010 ulifurika, maji yakaingia mjini, reli ikasombwa, maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Bibi alikuwepo. Ndiyo maana alipotupokea, kabla hata ya chai, alituonyesha mwembe: "Mtoto asipite hapa bila mkubwa." Mimi niliona maneno ya wazee tu.

Kadogo hakuwa mtoni. Yule binti wa miaka minane alikuwa amembeba mgongoni kwenda dukani kununua chumvi, wakarudi wote wananyonya pipi. Dakika kumi zilipita. Kwangu zilikuwa kama safari ya Kigoma. Sista alinisema maneno ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Bibi hakunigombeza. Alikaa chini ya mwembe, akahema, akasema, "Hapa mtoto hapotezwi na watu. Anapotezwa na maji." Simu niliizima mpaka tunaondoka.

Siku ya tano tukakodi Noah kuelekea Mikumi. Njiani tukapita Ulaya. Usicheke, kweli kipo kijiji kinaitwa Ulaya wilayani Kilosa, na mimi sasa naweza kusema nimefika bila viza. Jioni tukalala Mikumi mjini, alfajiri tukaingia hifadhini kwa lango la Kikoboga.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na kwa macho ya mtu mzima ni bomba. Uwanda wa Mkata umenyooka, twiga wanatembea taratibu kama wanamitindo, tembo na vitoto vyao, nyati, pundamilia. Habari njema kwa wazazi: mtoto chini ya miaka mitano haingii kwa kiingilio. Habari mbaya: haruhusiwi kushuka kwenye gari ila sehemu maalumu. Na ukivaa bluu iliyokolea au nyeusi, mbung'o watakushughulikia. Shemeji alivaa jinzi, alijuta.

Saa ya kwanza Bosi alishangilia. Saa ya pili aliuliza, "Anko, tunashuka lini?" Saa ya tatu tukampata simba, jike, kalala kivulini hatua chache tu. Shemeji anatetemeka kwa furaha, ananong'ona, "Baba, simba! Simba huyo!" Bosi akamtazama simba, simba akamtazama Bosi. Akasema kwa sauti, "Kalala. Twende kwa Bibi." Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani. Tulipofika sehemu ya kushukia, watoto walisahau wanyama wote wakakimbilia donge kavu la mavi ya tembo. Hiyo ndiyo picha pekee ya Mikumi ambayo Bosi anacheka.

Siseme msiende. Nendeni, lakini mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu aingie asubuhi, saa mbili zinatosha, halafu atafute uwanja. Kama hela ni ndogo, hata basi la barabara kuu linakatiza hifadhini kilomita 50 hivi. Sisi tulirudi nalo: matuta, mabango ya faini ya kumgonga mnyama, kila mnyama na bei yake, na nyani kando ya lami wanangoja ndizi. Msiwatupie.

Gari la mabua tulirudi nalo Tabata, Bosi amelipakata njia nzima. Kesho yake akalitoa uwanjani. Dirisha likafunguliwa. Safari hii sista alipanda mwenyewe kwa mwenye nyumba, akaomba kona moja tu, ile nyuma ya tangi, akaahidi kuizungushia matofali. Mzee amesema atafikiria. Mchanga ndoo sita tumeshanunua, upo chini ya kitanda changu.