Kijisanduku cha Mlimani

Mchezo huu ulianzia Dartmoor, Uingereza, mwaka 1854, James Perrott alipoacha chupa Cranmere Pool ili wanaofika watie kadi zao. Siku hizi ni kijisanduku chenye daftari, na kila mtafutaji huja na muhuri wake wa mpira. Mimi nilikitafuta kwenye mgongo wa milima ya Franconia, New Hampshire, kwa kuwa marehemu kaka yangu aliwahi kukifikia. Huko juu, ndugu msomaji, miti haioti, na vijimea vya mawe ukivikanyaga huchukua miaka kupona. Basi nilipita juu ya mwamba tu, polepole kama kinyonga, upepo ukinisukuma. Daftari lilikuwa limelowa. Muhuri wa kaka niliuona: jahazi, wino wa buluu. Nikagonga wangu kando yake.