Mchoraji na Jina Lake

Wako miongoni mwa walimu wenzetu waonao hadithi za picha kuwa mchezo wa watoto na upotezaji wa wakati. Sisi tulio wapenzi wa hadithi hizo kwa miaka mingi twaona vingine, na twaomba nafasi tuseme yetu.

Huku tuliko, katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, vitabu hivyo huja kwa shida. Kimoja hununuliwa Lilongwe, mwendo wa zaidi ya kilomita 40, kwa wauzao vitabu vikuukuu, kisha hupita nyumba hadi nyumba mpaka jalada na kurasa za mwanzo zing'oke. Hapo jina la mchoraji nalo hupotea. Hata hivyo msomaji mzoefu hahitaji kuambiwa. Ngumi imjiayo usoni kana kwamba itapasua karatasi, na anga lililojaa madoa meusi ya nguvu: huyo ni Jack Kirby. Vidole virefu vilivyopindana kama vya mganga aaguaye: huyo ni Steve Ditko, aliyemchora Spider-Man mwaka 1962. Mkono wa mchoraji hujulikana kama mwalimu ajuavyo mwandiko wa mwanafunzi wake.

Mashujaa hao wametushika kwa sababu nyingine pia. Superman, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1938, ni mtoto aliyenusurika kwao kulipoangamia, akapokewa ugenini na kupewa jina jingine. Dzaleka palikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994. Darasa la watoto wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda halihitaji maelezo marefu ya kisa hicho. Nao waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa wana wa Wayahudi waliohama Ulaya. Kirby vivyo hivyo. Jina la ukoo wake lilikuwa Kurtzberg.

Siegel na Shuster walimwuza shujaa wao kwa dola 130. Wengine wakatajirika kwake, wao wakaishi katika dhiki, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi waliyoizaa. Mwaka 1975, baada ya kulalamika hadharani na kuungwa mkono na wachoraji wenzao, ndipo walipokubaliwa malipo ya kila mwaka, na majina yao yakarudishwa.

Habari hiyo twaisimulia darasani kila mara, maana wanafunzi wetu nao huchora. Mmoja alichora shujaa arukaye kutoka Dzaleka hadi Lilongwe bila kuomba kibali. Wahusika wake walisema Kiswahili cha Kivu, nasi walimu tukabishana sana kama tukisahihishe. Tukakata shauri kwamba maneno ya msimulizi yafuate sarufi ya vitabuni, na maneno ya wahusika yabaki kama yasemwavyo nyumbani kwao. Tangu hapo wanafunzi wamezijua lugha hizo mbili vizuri zaidi, kwa kuwa kila moja ina mahali pake ukurasani.

Lakini chini ya kazi ile hapakuwa na jina. Tulipouliza, mwenyewe akajibu kwamba hakudhani latakiwa. Jibu hilo lilituuma. Mtu aliyezoea kuitwa kwa namba ya kadi, katika foleni baada ya foleni, huenda akasahau kuwa jina lake ni mali. Tukamwonyesha mfano wa Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani wa mwaka 1959, ambaye vitabu vyake vimechapishwa Ulaya, na jina lake li juu ya jalada.

Basi, walimu wenzetu, mkiletewa mchoro, sahihisheni tahajia kwa upole, kisha ulizeni: jina la mchoraji li wapi? Mwanafunzi na aliandike mwenyewe, kwa wino, palipo wazi.