Gataka: Kata kioo kwanza, kito baadaye

Ukitaka kwenda Gataka, msomaji, huhitaji kufunga virago wala kuwaaga majirani. Ni Kajiado, lakini ni Kajiado ya mlangoni mwa Nairobi, upande wa Rongai, ambako ng'ombe wa Mmaasai na matatu ya kijana wa mjini hugombania njia moja, na milima ya Ngong imekaa kando kama wazee wanaotazama watoto wakicheza. Wengi wa wakazi ni watu waliochoshwa na kodi za jijini wakanunua ploti, wakajenga kidogo kidogo. Jumapili alasiri utamkuta mmoja anamwagilia sukuma wiki, mwingine anaosha gari, na kijana wa chuo amejilaza na simu mkononi akingoja Jumatatu. Kwa huyo wa mwisho, na kwa wazazi wake, ndiyo maana naandika leo. Nataka kuwashawishi juu ya kazi ya mikono ambayo inafaa kabisa katika nyumba ya namna hiyo, nayo ni kukata vito.

Usicheke. Huenda wafikiri kazi hiyo ni ya masonara wa Bangkok na Jaipur, na kwa kweli mawe mengi ya kwetu huishia huko. Lakini hebu tazama mahali unapokaa. Ukishika barabara ya Magadi kutoka Rongai, ukapita Kiserian na Corner Baridi na kuanza kuteremka bondeni, utafika Olorgesailie, katika kaunti hii hii. Hapo ndipo Louis na Mary Leakey walipoanza uchunguzi wao mwaka 1942, na mpaka leo mashoka ya mawe yamelala chini kwa mamia mbele ya macho ya wageni. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba watu wa Olorgesailie wa miaka 300,000 hivi iliyopita walikuwa wakitumia obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, nalo walilipata kutoka mbali, kilomita 25 hadi 50. Mtu hatembei masafa hayo kwa ajili ya jiwe lolote tu. Alikuwa amekwisha kujua jiwe lipi linakubali umbo lipi, na huo ndio ujuzi ninaotaka kuuzungumzia.

Upande wa pili wa kaunti kuna barabara ya Namanga, inayopita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil hadi mpakani. Ningekuwa na uwezo ningeibandika jina la Barabara ya Vito. Vuka Namanga tu, na huko Longido utaingia nchi ya anyolaiti, jiwe la kijani lenye mabaka ya yakuti nyekundu, ambalo jina lake limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Endelea hadi Arusha, na hapo huko mbali na Mererani, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 na ambako serikali ya Tanzania ilizindua ukuta wa kuizunguka migodi mwaka 2018. Na ukirudi Kenya ukashika njia ya Mombasa, kuna Taita Taveta, nyumbani kwa garneti ya kijani iitwayo tsavoraiti. Campbell Bridges aliiona kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akaipata Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Tiffany ya Marekani ndiyo iliyoipa jina mwaka 1974, kwa heshima ya mbuga yetu ya Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa mwaka 2009 karibu na Voi katika ugomvi juu ya machimbo yake, jambo linaloonyesha kwamba mawe haya si mchezo.

Basi tuseme mjomba wako wa Taita amekupa kipande kimoja cha tsavoraiti, kikubwa kama punje ya mahindi. Ni chako, kihalali. (Kumbuka kwamba kununua na kuuza mawe ghafi ni biashara yenye leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, kwa hiyo ulizia ofisi ya madini kabla ya kuanza kuokota na kuuza.) Kipande hicho kina thamani, na huwezi kukirudisha kikiisha kusagwa. Utakikataje? Jibu langu ni kwamba usikiguse. Kifunge kwenye karatasi, kiweke kabatini, na uende Kitengela ukatafute kioo.

Naam, kioo. Pembezoni mwa mbuga ya Nairobi, upande wa Kitengela, kuna karakana zilizoanzishwa na msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, ambako kwa zaidi ya miaka 40 vioo vilivyotupwa vimekuwa vikiyeyushwa na kupulizwa kuwa glasi, shanga na madirisha ya rangi. Ni matembezi mazuri ya familia, na watoto hawatasahau ile tanuru. Wewe unayetaka kujifunza kukata utatoka huko na wazo moja kubwa, kwamba kioo si takataka. Kitako cha chupa ya soda kikivunjika vizuri ni jiwe la mazoezi. Kinasagika haraka, hakina gharama, na ukikiharibu hakuna mjomba wa kumweleza.

Sasa mashine. Sahani ya chuma iliyopakwa unga wa almasi huzunguka, maji yakidondoka juu yake. Jiwe hubandikwa kwa nta au gundi kwenye kijiti, na kijiti hushikwa na mkono wa mashine wenye vipimo viwili. Cha kwanza ni pembe, yaani jiwe limelala kwa nyuzi ngapi. Cha pili ni gurudumu la meno, kwa kawaida 96, linaloonyesha jiwe limegeuzwa upande gani. Huko Asia wako mafundi wanaotumia ubao wenye matundu tu, kijiti kikichomekwa tundu hili au lile, na vito vyao huuzwa dunia nzima. Kwa hiyo kama huna fedha za mashine mpya, usivunjike moyo mapema.

Mchoro wa kito ni orodha ya hivyo vipimo viwili. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuusoma. Nyuso 8 za chini za kito cha duara? Gawa 96 kwa 8 upate 12, kisha saga kwenye 96, 12, 24, 36, mpaka umalize mzunguko kwenye 84. Ukitaka pembetatu, unaruka meno 32. Ukitaka nyota ya pembe tano, 96 haigawanyiki, nawe itakubidi utafute gurudumu la meno 80. Mzazi aliyechoka kumwambia mtoto kwamba hesabu ina faida, nampa mfano huu bure.

Michoro iko kwa maelfu kwenye intaneti, na programu kama GemCad huwawezesha watu kubuni yao wenyewe. Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu huona kito chenye nyuso 150 kinachometameta kwenye picha, akakitaka hicho hicho wiki ya kwanza. Mwingine, akijiona mwerevu, huchagua mraba wenye ngazi, kwa kuwa una nyuso chache. Huyu wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, maana amefikiri, ila amefikiri kinyume. Nyuso chache maana yake ni nyuso pana. Uso mpana unaonyesha kila mkwaruzo, na zile ngazi zinataka mistari isiyopotoka hata kidogo, kwa sababu jicho la binadamu lina uchungu na mstari uliopinda. Kito cha mraba wenye ngazi kina sura ya upole na tabia ya hakimu.

Anza na duara. Kito cha duara cha kawaida kina nyuso 57, lakini siku ya kwanza si lazima uzifikie zote. Tafuta mchoro rahisi wenye nyuso 8 kubwa chini, 8 juu, na meza, yaani ule uso bapa wa juu kabisa. Jambo la kujifunza hapo ni moja: kukutanisha. Nyuso nane za chini zikutane kwenye ncha moja kama mapaa ya kibanda. Zikikutana, umeshika kina. Zisipokutana, mmoja umesagwa kuliko mwenzake, na mchoro wenyewe utakuambia ni upi. Ndiyo maana napenda michoro ambayo kila hatua inamalizikia kwenye makutano. Mwalimu yumo ndani yake. Michoro inayokuambia "saga hadi ipendeze" waachie wazoefu.

Kipande cha pili kiwe duara tena. Najua inachosha. Lakini safari hii ongeza zile nyuso ndogo 16 za pembeni, ambazo kwenye gurudumu huangukia 3, 9, 15, 21 na kuendelea. Nyuso ndogo zina hila yake. Zinang'aa upesi, na zinaliwa upesi vile vile, pumzi mbili tu nawe umepitiliza. Hapa mkono unajifunza wepesi. Ukubwa usiwe chini ya milimita 8, kwani kito kidogo kinaficha makosa yako nawe unahitaji kuyaona.

Kipande cha tatu ndipo uache kioo na ushike kwatzi, jiwe la kawaida na la bei nafuu. Hapo utakutana na jambo la nuru. Kila jiwe lina pembe yake ya kikomo. Kwa kioo ni karibu nyuzi 41, kwatzi 40 na nusu, tsavoraiti 35, na almasi 24 na nusu. Nyuso za chini zikilala chini ya kikomo hicho, nuru inayoingia juu hupenya na kutokea nyuma badala ya kurudi machoni pako. Wakataji huita kasoro hiyo dirisha. Kwa hiyo mchoro uliobuniwa kwa ajili ya almasi, kama ule wa Marcel Tolkowsky wa mwaka 1919, ukiuhamisha kwenye kwatzi bila kubadili pembe utapata kito cha maji matupu. Kwa kwatzi nyuzi 43 upande wa chini ni salama. Kupima ni rahisi: weka kito juu ya gazeti hili, meza ikitazama juu. Ukiweza kusoma maneno yangu kupitia katikati yake, una dirisha.

Baada ya hapo njia ni yako, ila kwa maoni yangu pembetatu yenye mbavu zilizovimba ije kabla ya mraba, na mraba kabla ya yai. Umbo la yai hudanganya watu kwa ulaini wake. Pembe za nyuso zake hubadilika kila unapozunguka, na kosa la nusu nyuzi huonekana kiunoni mwa kito. Umbo la tone la machozi liko mbali zaidi, kwa sababu ile ncha yake humeguka hasa wakati ulipokwisha kuanza kujisifu. Tanzanaiti nayo iache kabisa kwa mwaka wa kwanza. Si ngumu sana, lakini hupasuka upande mmoja na haipendi joto la ghafla, hata lile la kung'arishia.

Kuna jambo la Gataka lenyewe ambalo vitabu vya Wazungu havilitaji, nalo ni vumbi. Kiangazi kikikolea, upepo ukivuma na lori la mchanga likipita, vumbi huingia hata kwenye kabati la vyombo. Chembe moja ya mchanga ikianguka kwenye sahani ya kung'arishia itachora kito chako mstari mrefu, nawe utatafuta kosa kwenye mashine hadi usiku. Basi, fanya kazi ya kusaga mchana na ya kung'arisha asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala, madirisha yamefungwa, sahani imefunikwa kwa bakuli. Usisage jiwe likiwa kavu, kwani vumbi la kwatzi ni sumu ya mapafu, na watoto wako humo humo nyumbani. Maji yanayohitajika ni matone tu, kwa hiyo hata nyumba inayonunua maji kwa bauza haitaathirika. Stima ikikatika, inua jiwe kutoka kwenye sahani kwanza, kisha ndipo utafute tochi.

Anayetaka mwalimu wa kweli asidhani ni lazima apande ndege. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha ukataji na ung'arishaji, na basi la kutoka Nairobi hufika huko kwa nusu siku. Voi nako kumejengwa kituo cha kuongeza thamani ya vito, ili mawe ya Taita yasiwe yanaondoka yote yakiwa ghafi. Hapo ndipo penye uchungu kwa mtu wa kwetu. Bei kubwa hufuata mikono iliyokata, na mikono hiyo haijawa yetu.

Tuseme sasa umemaliza vipande kumi au kumi na viwili, na vitatu vya mwisho havikukuaibisha. Toa ile karatasi kabatini. Kipime kipande cha mjomba na uandike uzito, ukikumbuka kwamba karati 5 ni gramu moja. Kitumbukize kwenye maji, kimulike kwa tochi, utafute nyufa. Zaidi ya nusu ya uzito itaondoka na maji, na tsavoraiti iliyokatwa ya zaidi ya karati 3 ni nadra, kwa hiyo kila umbo unalochagua lina gharama. Duara umelizoea, lakini ikiwa jiwe ni refu, duara litakula ncha zote mbili. Yai litaokoa uzito, na mkono wako bado unalicheza kwa wasiwasi. Mimi ningekata kwanza yai la kioo lenye vipimo vile vile hasa, nione kama nyuso zinakutana, kisha ningeliweka kando ya jiwe la mjomba usiku kucha kabla ya kuwasha mashine.