Bluu ya Babu

Ukipita soko la Sironga ukaona ukuta uliopakwa rangi mpya juu ya bluu nzito kama wino wa kalamu, usicheke. Mimi nilicheka, na nimejuta. Bluu ile ya chini ni kazi ya Babu.

Babu amechora mabango na kupaka kuta za maduka tangu mama hajazaliwa. Siku hiyo mwenye duka alitaka rangi ya anga. Babu akachanganya bluu na nyeupe, akatazama, akasema bado imefifia. Akaongeza bluu, kisha akaongeza tena. Mimi niliyeshika ngazi niliona imepita kiasi nikanyamaza, kwani nani humsahihisha fundi? Mteja alipokuja alifoka akakataa kulipa, ati mzee amelewa. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao ili nisionekane mjukuu wake. Babu, ambaye hajawahi kuonja pombe, aliosha brashi zake polepole tukaenda nyumbani.

Kumbe alikuwa na mtoto wa jicho! Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba lenzi ya jicho ikizeeka huweza kugeuka manjano, hata kahawia. Ni kama kutazama dunia kupitia gilasi ya strungi, na sisi watu wa majani chai twaijua rangi hiyo. Mwanga wa bluu ndio huzuiwa zaidi. Yaani bluu aliyonyimwa na jicho, Babu aliitafuta mkebeni.

Mwalimu akatusimulia pia habari za Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, aliyepatikana na ugonjwa huo mwaka 1912. Daraja la bustani yake alilichora jekundu na kahawia, na mirija ya rangi akaitambua kwa kusoma majina. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923 akiwa na miaka 82, kisha akalalamika kwamba sasa bluu imezidi! Wachoraji hawaridhiki.

Mwaka jana Babu naye alipasuliwa jicho moja huko Kisii. Bandeji ilipotolewa alitazama sweta yangu ya shule.

"Kumbe bado ni ya bluu? Nilidhani siku hizi mnavaa nyeusi."

Tulipofika Sironga alitaka tupitie sokoni. Alisimama mbele ya ule ukuta, akafunika jicho jipya kwa kiganja, halafu lile la zamani, halafu jipya tena.

"Kwa hili ni anga," akasema. "Kwa hili ni wino. Wewe siku ile uliona?"

"Niliona, Babu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alipopona kabisa tulirudi na mkebe wa nyeupe, kwa pesa zake mwenyewe. Safari hii nilichanganya mimi, naye akawa ananiuliza, "Imefika?" Mara mbili nilimwambia bado. Mara ya tatu nikamwambia imepita, tukaanza upya.