Kiti cha Mkalimani

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye setibuku. Ukiigiza tamthilia inayotahiniwa humwogopi mhakiki yeyote: mabasi ya shule yanajaza ukumbi, mwalimu anaketi mstari wa mbele na kitabu mapajani akichunga usiruke neno, na kufikia saa nane umeshalipwa chako. Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia niliiigiza hadi nikawa naweza kuisema usingizini. Siidharau kazi hiyo, ndiyo iliyowalipia wanangu karo. Mapenzi yangu lakini yalikuwa kwingine, kwa Said Ahmed Mohamed wa Amezidi, aliyenifunza kwamba kisa si lazima kinyooke ndipo watu wakuelewe.

Mwaka 2010 tukapata katiba mpya. Wenzangu walibishana kuhusu ardhi na ugatuzi, mimi nikang'ang'ania Kifungu cha 50, kinachompa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila kulipa. Nilikuwa na mazoea ya kwenda kuketi mahakamani Jumatatu asubuhi, waliokamatwa wikendi wanapofikishwa kizimbani, kusikiliza tu watu wanavyosema. Kisheria, mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Nilipokuwa nikiketi mimi, kalamu ya hakimu ilijua Kiingereza peke yake. Karani anasoma shtaka, anauliza kama ni kweli au si kweli. Basi mama mmoja, aliyeshtakiwa kuingia shamba la watu, akajibu, "Ni kweli, lakini hapo ndipo nilipozaliwa." Karani akamgeukia hakimu, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekubali. Yaliyofuata "lakini" hayakufika kwa hakimu. Tangu kesi ya Adan ya 1973 mahakama hutakiwa kuyaandika majibu ya mshtakiwa kwa maneno yaliyo karibu kabisa na yake mwenyewe, ila sidhani kuna aliyemtajia Adan yule mama.

Kutokana na hilo nikaandika mchezo wa waigizaji wawili na viti vitatu. Hakimu anasema Kiingereza kitupu. Mshtakiwa anasema Kiswahili kitupu. Kiti cha tatu ni cha mkalimani, na hakina mtu. Kila usiku hakimu aliagiza kiti kijazwe, nasi tukamwomba mtazamaji mmoja apande jukwaani. Hakupewa mswada wala hakuambiwa kesi inakwendaje. Akikosea, kosa lake linaingia kwenye faili na hukumu inalifuata, kwa hiyo mwisho ulibadilika kila mara. Mazoezini tulimweka yeyote aliyepita karibu: mlinzi, muuza chai, mpwa wangu. Mpwa wangu alitafsiri kwa uaminifu mno hadi mshtakiwa akaachiliwa mapema na mchezo ukatuishia mikononi. Ilibidi niongeze shtaka la pili.

Wahakiki walifika. Wa gazeti moja la Kiingereza alisifu taa, akamsifu hakimu, kisha akalalamika kwamba aliyeigiza mkalimani alikuwa na haya na sauti yake haikufika nyuma. Yule "mwigizaji" alikuwa fundi wa simu aliyenunua tiketi yake mlangoni! Nilimpigia mhakiki nikamweleza. Akanijibu kwamba yeye huhakiki anachokiona, na kwa kweli sikuwa na la kumjibu.

Mhakiki wa Kiswahili, mhadhiri, alitushika pabaya zaidi. Aliandika kwamba tumempa mwenye mamlaka Kiingereza na mnyonge Kiswahili, tukarudia jukwaani ubaguzi uleule tunaodai kuupinga. Nilikataa, na hadi leo nakataa. Ningempa hakimu Kiswahili na mama Kiingereza, ukumbi ungepiga makofi ukaenda nyumbani ukiwa umeridhika, na Jumatatu inayofuata karani yule angeendelea vilevile. Lakini katika makala hiyohiyo kulikuwa na aya moja ambayo ningeilipia. Alisema hakutazama jukwaa sana, alitazama watu. Wote walijua lugha zote mbili. Hata hivyo, mama alipomaliza kusema, walinyamaza kumsubiri mkalimani kana kwamba hawajasikia kitu, kisha wakacheka tafsiri ilipotoka. Mimi niliyeuandika mchezo nilikuwa nyuma ya pazia usiku baada ya usiku, na hilo lilinipita.

Tulipoupeleka Mombasa ndipo ukavunjika vizuri. Kwanza watu walimsahihisha mshtakiwa Kiswahili chake cha bara kwa sauti, naye akapotea. Halafu mzee mmoja wa kanzu akakubali kupanda, akaketi, akasikiliza swali la hakimu hadi mwisho. Asitafsiri. Akamgeukia yule dada wa kizimbani, akamwambia, "Mwanangu, huyu yuwasikia. Mwambie mwenyewe." Ukumbi ukalipuka. Aliyeigiza hakimu hakuwa na mstari wa kumtoa hapo, na sheria yetu ilimkataza Kiswahili. Akafanya ambalo hakimu yeyote angefanya: akaahirisha kesi kwa Kiingereza, akainuka, akaondoka. Mzee akabaki kitini, akauliza kama kuna kesi nyingine. Kesho yake redioni msikilizaji mmoja alitaka tiketi zirudishwe kwa kuwa mchezo ulikatwa. Mwingine akapiga simu kusema kuwa huo ndio mwisho wa pekee uliokuwa na akili. Namuunga mkono huyo wa pili, ingawa pesa za wa kwanza tulirudisha.

Mswada haujawahi kuchapishwa. Mchapishaji mmoja aliupenda, akanitaka nichague lugha, maana hakujua auweke rafu gani na shule gani itaununua. Kwa hiyo ninauhifadhi mwenyewe, na wanafunzi wa vyuo wakiuomba huwatolea nakala. Kila panapotakiwa mkalimani aseme nimeacha nusu ukurasa mtupu. Mmoja wao alinirudishia nakala yake juzi, akaomba nyingine, maana hii, alisema kwa adabu, mashine imeruka.