Monino, mahali zilipopumzika ndege za vita za Urusi

Msafiri atokaye Moscow kuelekea mashariki hupanda gari moshi la umeme katika stesheni ya Yaroslavsky, akapita vitongoji vya majumba marefu, kisha misitu ya misonobari na ya miti myembamba yenye magome meupe, hadi mahali ambapo reli inakoma. Hapo ndipo Monino, mji mdogo ulio umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka jiji kuu. Enzi za Muungano wa Kisovyeti ulikuwa mji wa askari, wenye uwanja wa ndege za jeshi na chuo kikuu cha Jeshi la Anga kilichopewa jina la Yuri Gagarin. Mwaka 1958 sehemu ya uwanja huo ilitengwa iwe makumbusho, na tangu 1960 wageni wakaanza kupokelewa.

Ndege zimepangwa nje kwa safu, katika jua, mvua na theluji. Baadhi zilifika hapo zikiruka zenyewe, zikatua na zisiruke tena. Asiyejua mambo ya anga ataona mabati yaliyopauka na matairi yaliyobonyea tu. Lakini askari azitazamaye kwa makini atajiuliza swali moja katika kila safu: mbunifu wa ndege hii aliamua kumpa rubani kitu gani, na kwa ajili hiyo akamnyima kitu gani? Maana haijaundwa bado ndege iliyopewa vyote. Deraya nzito hupunguza kasi, mafuta mengi huongeza uzito, na mwendo mkali hudai uwanja mrefu.

Deraya iliyo mwili

Ndege ya kutazamwa kwanza ni Il-2, kazi ya mbunifu Sergei Ilyushin, iliyorushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1939. Ilyushin hakuivisha ndege yake deraya kama mtu avaavyo koti. Aliifanya deraya yenyewe iwe mwili wa mbele, sanduku la feleji lenye uzito wa kilo zipatazo 700, ambalo ndani yake ziliwekwa injini, tangi za mafuta na kiti cha rubani. Ndege hiyo ilikwenda polepole na kupita chini chini, ikavipiga vifaru na misafara ya Wajerumani kwa mizinga, roketi na mabomu. Ziliundwa zaidi ya 36,000, idadi ambayo haijafikiwa na ndege nyingine yoyote ya vita.

Hata hivyo, hapo mwanzo Il-2 ilikuwa na kiti kimoja tu, wala haikuwa na silaha ya kujilinda nyuma, na ndege za Wajerumani zikajifunza kuijia kutoka mkiani. Kuanzia mwaka 1942 akawekwa mpiga bunduki nyuma ya rubani, lakini kiti chake kilikuwa nje ya lile sanduku la feleji. Rubani alilindwa na chuma, na mwenzake akabaki nyuma ya bati jembamba. Kwa sababu hiyo wapiga bunduki hao walikufa kwa wingi kuliko marubani waliowabeba. Mgeni anayeusogelea ubavu wa ndege hiyo huona kwa macho yake mahali deraya ilipokomea.

Miaka mingi baadaye fikra ya Ilyushin ilirudi katika Su-25, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975 na kupelekwa Afghanistan mwaka 1981. Rubani wake huketi ndani ya beseni la titani. Marekani ilipowapa wapiganaji wa Afghanistan makombora ya Stinger yarushwayo begani, mwaka 1986, ilidhihirika kwamba moto wa injini moja ungeweza kuvuka hadi kwa jirani yake, kwa kuwa injini hizo mbili zimekaa karibu. Wahandisi wakatia bamba la chuma kati yake na kuongeza fataki za kuyapoteza makombora. Somo hilo lilipatikana kwa ndege zilizokwisha anguka.

Mto Yalu

Mbele kidogo imesimama MiG-15, ndogo, nene, yenye mabawa yaliyolazwa nyuma. Kitu cha ajabu katika historia yake ni kwamba injini yake ilikuwa nakala ya injini ya Kiingereza, Rolls-Royce Nene, ambayo serikali ya Uingereza iliruhusu iuzwe kwa Wasovyeti mwaka 1946. Ndege iliruka tarehe 30 Desemba 1947, na Novemba 1950 ikatokea juu ya mto Yalu, mpakani mwa Korea na China. Marubani wengi walioiendesha huko walikuwa Wasovyeti, ingawa jambo hilo lilifichwa kwa miaka mingi.

MiG-15 ilipewa mizinga mitatu, mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23, kwa kuwa iliundwa ili kuangusha ndege kubwa za mabomu. Kazi hiyo iliifanya vyema: baada ya hasara za Oktoba 1951 Wamarekani waliacha kuzituma B-29 mchana. Lakini ilipokutana na ndege ndogo ya F-86 Sabre mambo yalikuwa tofauti. MiG ilipanda haraka zaidi na kufika juu zaidi. Sabre, kwa upande wake, ilikuwa na bombomu sita zenye kutema risasi kwa kasi, kilengeo kilichosaidiwa na rada, na mkia uliotii usukani hata karibu na kasi ya sauti, mahali ambapo MiG ilianza kukaidi. Kila upande ulitangaza hesabu yake ya ushindi, na hesabu hizo hazijapatana mpaka leo. Linalokubaliwa ni kwamba ndege hizo zilikaribiana mno kwa uwezo, hata rubani mzoefu ndiye aliyeamua mshindi.

Mkuki wa pembe tatu

MiG-21 yaweza kutambuliwa hata na mtoto: mwili kama bomba, mabawa ya pembe tatu, na koni puani. Marubani wa Kirusi waliibandika jina la balalaika, yaani ile zeze yao ya pembe tatu. Ilikwenda mara mbili ya kasi ya sauti, ilikuwa rahisi kwa bei na kwa matengenezo, na zaidi ya 10,000 ziliundwa. Kwa nchi changa zilizotaka kulinda anga lao bila hazina kubwa, ndiyo iliyofaa.

Aibu zake zilikuwa wazi pia. Mafuta yalikuwa machache, rada yake hafifu, na rubani aliona kwa shida kilicho mbele na nyuma yake. Kwa hiyo Wavietnam hawakuiacha ijitafutie adui yenyewe. Mwongozaji aliyekaa chini penye rada alimwongoza rubani hadi nyuma ya ndege za Marekani. Akarusha makombora yake mawili, akatoroka. Wenzao wa MiG-17, ndege ya zamani na ya polepole, waliwavuta adui chini na kukata kona kali ambazo Phantom nzito, isiyokuwa na mzinga katika miaka ya mwanzo, haikuziweza. Wamarekani nao walijibu kwa hila: tarehe 2 Januari 1967 Phantom ziliruka kwa njia na maneno ya redio ya ndege za mabomu, MiG-21 zikapanda kuwinda zikakuta mtego. Wamarekani walitangaza kudungua saba siku hiyo.

Mbinu ya kuongozwa kutoka chini ina hatari yake. Juni 1982, juu ya bonde la Bekaa nchini Lebanon, Waisraeli waliziba redio za Wasyria. MiG-21 na MiG-23 zikawa kama vipofu walionyang'anywa fimbo, na Syria ikapoteza ndege zaidi ya 80 kwa siku chache.

Zilizofika kwetu

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atasimama kitambo mbele ya Tu-22, ndege ndefu ya mabomu yenye injini mbili zilizopandishwa juu ya mkia. Ndege ya aina hiyo, ya Jeshi la Libya, ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza mwaka 1979, wakati wa vita vya Tanzania na serikali ya Idi Amin. Mabomu yaliukosa mji. Yakaanguka katika hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua wanyama kadhaa. Miezi michache kabla yake, mwaka 1978, ndege za Uganda zilijaribu kuliangusha daraja la Kyaka kutoka angani zikashindwa, na baadhi zilidunguliwa na askari wa miguu wenye makombora. Daraja lilivunjwa hatimaye kwa baruti iliyotegwa na mikono ya watu. Ndege zilikuwa za kasi, lakini ustadi wa kulenga haununuliwi pamoja na ndege.

Ndugu wawili

Mwisho wa matembezi ni MiG-29 na Su-27, zilizoruka mara ya kwanza mwaka 1977 zote mbili. Umbo lao linafanana kama ndugu, ila MiG-29 hubeba ndani tani zisizofikia nne za mafuta, na Su-27 zaidi ya tani tisa. MiG iliundwa ikae karibu na mstari wa mbele. Hata imewekewa milango inayofunga midomo ya injini inapokimbia ardhini ili isimeze mawe. Sukhoi iliundwa iende mbali na kukaa angani muda mrefu. Februari 1999 ndugu hao walikutana kama maadui, Su-27 za Ethiopia dhidi ya MiG-29 za Eritrea, na Su-27 zikashinda. Tangu 2022 aina hizo hizo zimekuwa zikirushwa na pande zote mbili katika vita vya Ukraine.

Tarehe 26 Septemba 2025 India ilizistaafisha MiG-21 zake za mwisho, baada ya utumishi wa zaidi ya miaka 60. Marubani wengi wa nchi hiyo walijifunzia vita katika ndege hiyo, na wengi walipoteza maisha yao katika ajali zake. Kwa hiyo swali la Monino si la wabunifu peke yao. Serikali inayonunua ndege hununua pia rada, shule, mafundi, vipuri na saa za mazoezi. Ikivisahau, pengo hilo hulijaza rubani kwa maisha yake, na jamaa zake hupata habari wakiwa nyumbani.